Kabla Hujaiamini Sifuri: Jinsi ya Kuzamisha Chombo cha Kuwinda Mwani Wenye Sumu

Chupa ile niliijaza mwenyewe, kutoka kina cha mita nne, karibu kabisa na boya letu. Nikaitia matone ya ayodini ya Lugol, inayohifadhi seli, mpaka maji yakawa hudhurungi hafifu, nikayaacha mililita 50 yatuame mpaka kesho yake, kisha nikakaa kwenye hadubini. Nilihesabu seli 19 za Dinophysis, mwani wenye sumu. Ukipiga hesabu, hizo ni seli 380 kwa lita, idadi ambayo inatosha kumfanya msimamizi wa mashamba ya chaza aanze kupiga simu. Chombo chetu, kilichokuwa kikipiga picha maji hayohayo kila baada ya dakika 20, kilikuwa kimetuletea sifuri siku nne mfululizo.

Hakikuwa kimeharibika. Leza ilikuwa inawaka, kamera safi, umeme wa kutosha. Wavu mdogo kwenye mdomo wa kunyonyea maji ulikuwa umezibwa na ukoga. Bomba la sindano lilipovuta mililita zake 5, lilivuta viputo na maji yaliyokuwa yamelala kwenye mpira tangu juzi. Seli za baharini hazikuwa zinafika kwenye lenzi. Nasi, juu kwenye skrini, tulisoma sifuri tukaona bahari imetulia.

Dinophysis hutoa asidi ya okadaiki na sumu za ukoo wake. Chaza na kome huzikusanya kwa kuchuja maji, wala hawaonyeshi dalili yoyote. Nyama hainuki, haibadiliki rangi, na kupika hakuondoi sumu. Mlaji huishia kuharisha na kutapika. Hiyo ndiyo ya afadhali. Mwaka 1987 huko Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, kome waliokuwa na asidi ya domoiki kutoka kwa mwani wa Pseudo-nitzschia waliwafanya watu zaidi ya 100 waugue na kuua watatu, na baadhi ya waliopona walibaki wamepoteza kumbukumbu. Ndiyo maana sifuri yenye uongo naiogopa kuliko chombo kilichozima kabisa. Chombo kikizima unajua hujui kitu.

Mwongozo huu nawaandikia mafundi na wanafunzi wanaokabidhiwa chombo cha namna hii kwa mara ya kwanza. Kijitabu cha mtengenezaji kitakuonyesha vitufe. Mimi nataka tuzungumze namna ya kukizamisha ili sifuri yake iwe na uzito.

Kwanza ujue unaliuliza swali gani

Vyombo hivi viko vya koo tatu, na kila ukoo una upofu wake.

Ukoo wa kwanza hutazama. Mfano unaojulikana zaidi ni Imaging FlowCytobot, kazi ya Rob Olson na Heidi Sosik wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole huko Massachusetts. Unavuta mililita 5 za maji, unayapitisha kwenye mfereji mwembamba mbele ya leza nyekundu, na kila chembe yenye klorofili inapong'aa, taa humulika na kamera hupiga picha. Huona vizuri chembe za mikromita 10 hivi hadi 150. Picha zikishatoka, programu iliyofundishwa kutambua maumbo huzipanga: huyu Dinophysis, huyu mnyororo wa diatomu (mwani wenye ganda kama kioo), hiki kinyesi cha mnyama mdogo. Kilionyesha faida yake mapema mwaka 2008 pwani ya Texas. Kundi la Lisa Campbell lilikuwa na chombo hicho majini kwa kazi nyingine, likaona kwenye picha Dinophysis wakiongezeka. Wakatoa taarifa, uvunaji wa chaza ukafungwa na waliokwisha kuvunwa wakarudishwa kutoka sokoni, muda mfupi kabla ya tamasha kubwa la kula chaza. Hapakuwa na mtu aliyeripotiwa kuugua. Huo ulikuwa mlipuko wa kwanza wa Dinophysis wenye madhara kuandikwa Marekani.

Upofu wa ukoo huu ni pale maumbo yanapofanana. Pseudo-nitzschia ni jamii ya spishi nyingi, zingine zina sumu na zingine hazina, na kwa picha ya kawaida zote ni vijiti vilivyoungana ncha kwa ncha. Kamera itakwambia vijiti vipo. Haitakwambia ni vya nani.

Ukoo wa pili husoma jeni. ESP (Environmental Sample Processor), iliyobuniwa na Chris Scholin na wenzake wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari pale Monterey Bay, California, ni maabara nzima ndani ya pipa. Hupitisha maji kwenye kichujio, hupasua seli kwa kemikali na joto, kisha humwaga ule mchuzi juu ya karatasi yenye vidoa vya proba, yaani vipande vya jeni vilivyotengenezwa vishikane na RNA ya ribosomu (viwanda vya protini ndani ya seli) ya spishi fulani tu. Pakishikana, kemikali nyingine hufanya kidoa king'ae, na kamera hupiga picha ya vidoa. Kazi hiyo yote huisha ndani ya saa chache, huko huko majini. Kinaweza pia kupima asidi ya domoiki yenyewe, na kuhifadhi vichujio vingine ili vijiumbe vyote vilivyomo, bakteria kwa mwani, visomwe baadaye maabara. Kuna ESP ndogo zaidi, ya kizazi cha tatu, inayosafiri ndani ya chombo kinachojiendesha chini ya maji.

Upofu wake: proba huona kile tu ilichotengenezewa. Spishi mgeni ikiingia, au aina ya kwenu ikiwa na tofauti ndogo ya herufi za jeni pale proba inapokaa, vidoa vitabaki vyeusi huku maji yamejaa. Halafu seli yenye afya ina ribosomu nyingi kuliko seli yenye njaa, kwa hiyo ukali wa mng'ao haugeuki kuwa idadi ya seli moja kwa moja.

Ukoo wa tatu hupima mwanga tu: mng'ao wa klorofili, au namna maji yanavyonyonya rangi. Ni bei nafuu, hula umeme kidogo, hukaa muda mrefu. Husema "mwani umeongezeka" na huishia hapo. Mimi hukiweka kila mara kando ya ndugu zake wakubwa, na faida yake utaiona mbele.

Ukishaamua, andika swali lako kwa sentensi moja juu ya karatasi, ubandike ukutani karakana. Letu lilikuwa: "Je, Dinophysis wamevuka seli 200 kwa lita kwenye mdomo wa hori?" Kila uamuzi unaofuata, wa kina, wa muda, wa ujazo, hutoka kwenye sentensi hiyo.

Hesabu ya maji, ambayo wengi huiruka

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, maana ni hesabu ya dakika tano na ingetuokoa.

Chukua kwamba kuna seli 100 kwa lita. Kwa mililita hiyo ni seli 0.1, na kwenye mililita 5 unazopima kwa mara moja unategemea nusu seli. Nusu seli haipo. Maana yake ni kwamba mara nyingi hutaona kitu. Seli zikiwa zimetawanyika ovyo majini, uwezekano wa kupata sifuri ni kama asilimia 61. Kwa hiyo kwenye vipimo vitano, vitatu vitasema hakuna, na bahari inao.

Sasa unganisha vipimo sita, yaani saa mbili za kazi. Umepima mililita 30, unategemea seli tatu, na uwezekano wa kutoona hata moja umeshuka hadi asilimia 5. Kutoka hapo inazaliwa kanuni ambayo naitumia kila siku: ukiona sifuri, gawanya 3 kwa ujazo uliopima. Mililita 30 zenye sifuri zinakuruhusu kusema kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, hapakuwa na zaidi ya seli 0.1 kwa mililita, yaani 100 kwa lita. Mililita 60 zinakushusha hadi 50 kwa lita. Kipimo kimoja cha mililita 5 kinakuruhusu kusema "hazizidi 600 kwa lita", na hilo kwa swali letu la seli 200 halina msaada wowote.

Angalia lakini neno "uliopima". Chombo cha picha kinaposhughulika kuhifadhi picha moja, kwa sekunde ndogo hiyo kinakuwa kimefumba jicho. Maji yakiwa masafi hupoteza kidogo. Maji yakiwa mazito kwa mwani mwingine, mililita 5 zinazopita zinaweza kuwa mililita 3 zilizotazamwa kweli. Chombo huandika muda huo wa kufumba. Uondoe kwenye hesabu. Kwa ESP hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine: kichujio kikianza kuziba, pampu husimama kabla ya kufikia ujazo uliopanga. Ukipanga lita moja na kichujio kikameza mililita 300, kidoa hafifu hicho ni cha mililita 300. Nimewahi kuona jedwali zima limegawanywa kwa lita moja kwa sababu safu ya ujazo halisi ilikuwa imefichwa upande wa kulia wa skrini.

Kina

Usizamishe mahali penye urahisi wa kufunga kamba tu. Mwani wenye mikia, kama Dinophysis na Alexandrium, huogelea: wengi hupanda mchana kutafuta mwanga na kushuka usiku kutafuta chakula. Mwingine hujikusanya kwenye tabaka jembamba, pengine lisilozidi mita mbili au tatu kwa unene, juu yake na chini yake maji yakiwa matupu. Mdomo wa chombo ukiwa mita moja chini ya tabaka hilo, utapata sifuri safi kabisa, halali kabisa, ya mahali pasipo na maana.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kuzamisha, nenda na kipimo cha chumvi, joto na mng'ao, ukishushe polepole mpaka chini, asubuhi, adhuhuri na usiku, angalau kwa siku mbili. Tafuta kina ambako joto au chumvi hubadilika ghafla. Tabaka hupenda kukaa hapo. Kumbuka kwamba adhuhuri jua likiwa kali, seli za karibu na uso hupunguza mng'ao wake ili kujikinga, kwa hiyo kipimo cha mng'ao kitakuonyesha mwani mchache kuliko uliopo. Kipimo cha usiku ndicho ninachokiamini zaidi.

Sisi tulichagua mita nne. Uso wenyewe tuliuepuka kwa ajili ya mawimbi, maana hutia viputo, na kiputo mbele ya leza ni balaa. Kama unao uwezo wa kufunga midomo miwili ya kina tofauti na vali ya kubadilisha, fanya hivyo, hata kama ni kazi zaidi.

Karakana, siku tatu za mwisho

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na hiki kinaundwa upya kila kinapotoka majini. Siku ya kwanza ni ya maji ya ndani. Vua mipira yote laini ambayo imeshalegea au kubadilika rangi. Mpira mzee hutoa vipande vinavyoonekana kwenye picha kama viumbe. Safisha njia ya maji kwa klorini iliyozimuliwa ili kuua na kuharibu jeni za safari iliyopita, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha.

Nisimame hapa kwa ajili ya usalama, kwa sababu nimewapenda vijana niliofanya nao kazi. Kemikali ya kupasulia seli kwenye chombo cha jeni ina guanidini thiosayanati. Isikutane na klorini hata tone; ikikutana hutoa gesi zenye sumu kali, za ukoo wa sayanidi. Maana yake ni kwamba njia ya kemikali hiyo husuuzwa kwa maji mengi kabla klorini haijafunguliwa chumbani, na taka zake zina mtungi wake wenye maandishi makubwa. Ya pili ni sodiamu azidi, inayotumika kwenye baadhi ya vyombo kuzuia ukoga wa ndani. Ni sumu kwa kugusa na kuvuta, ikikutana na asidi hutoa gesi mbaya, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi inaweza kujenga chumvi zinazolipuka. Mtungi wake wa taka peke yake. Glavu, miwani, dirisha wazi.

Siku ya pili ni ya mwili wa nje. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, hukaguliwa kwa kidole kitupu, macho yamefumbwa, kwa sababu kidole huona mchubuko ambao jicho huupita. Unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kuingiza bahari. Paka mafuta ya silikoni membamba, ya kung'arisha tu. Yakizidi hukusanya mchanga. Funga, kisha vuta hewa ya ndani kwa pampu ya ombwe na uiache usiku kucha. Kipimo cha ombwe kikiwa kimeshuka asubuhi, usitafute maelezo ya hali ya hewa. Fungua, anza upya. Ndani weka vifuko vya kukausha unyevu ambavyo vimetoka kwenye pakiti siku hiyohiyo.

Betri zilizofungiwa ndani ya chuma zinaweza kutoa gesi. Hakikisha kuna vali ya kupunguza mgandamizo, na siku ya kufungua usisimame mbele ya kifuniko.

Bolti za chuma cha pua zikigusana na mwili wa alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo italiwa. Tenganisha kwa washa za plastiki, funga kipande cha zinki kiliwe badala yake, na hesabu zinki hiyo kama kitu cha kubadilisha kila safari.

Siku ya tatu ni ya kukidanganya chombo. Kizamishe kwenye pipa la maji ya bahari yaliyochujwa, ambayo hayana kitu, usome sifuri yake. Kisha mimina mwani uliooteshwa maabara wenye idadi unayoijua, usome tena. Kama hukuwa na Dinophysis, mwani wowote wa ukubwa unaokaribiana unatosha kujaribu njia ya maji. Muhimu maji yaingie kwa mdomo uleule utakaotumika baharini, na wavu wake, na urefu wote wa mpira wake. Mtu akikwambia tumieni kimpira kifupi kwa ajili ya jaribio, kataa. Kabla hujafunga, saa ya chombo iwekwe UTC, saa ya kimataifa, na ya simu yako ulinganishe nayo. Chupa na picha zikitofautiana saa tatu, huna ushahidi tena.

Mdomo

Sehemu hii ya chombo haina umeme, haina programu, na ndiyo iliyotuangusha. Ukoga huanza siku ya kwanza: kwanza utando wa bakteria, kisha diatomu, kisha wale wanyama wadogo wenye magamba magumu wanaoganda kwenye matako ya vyombo. Kwenye maji ya vuguvugu, wiki mbili zinatosha kufunga tundu la milimita kadhaa.

Wavu wa shaba nyekundu husaidia sana, kwa sababu shaba huua kinachojaribu kuota juu yake. Lakini shaba hiyohiyo itaziua seli unazozitafuta zikilala ndani ya bomba lake. Suluhisho ni kusukuma na kutupa maji kwanza: kabla ya kila kipimo, pampu ipitishe maji ya mara tatu ya ujazo wa bomba lote, ndipo ichukue ya kupima. Bomba lenyewe liwe fupi na jeusi, mwanga usipenye. Mdomo uelekee chini, ukiwa mbali na chuma cha boya, ambako samaki hujificha na taka hujikusanya. Pampu ikiweza kurudisha maji kinyume kwa sekunde chache kila saa, iambie ifanye hivyo. Na mpira usipite popote unapoweza kujikunja.

Tangu ile safari tumeongeza kitu kimoja: kipimo kidogo cha mtiririko kwenye bomba la kuingizia. Sijutii hata senti iliyokwenda hapo.

Kusoma kila asubuhi

Watu hufungua faili na kukimbilia safu ya kiumbe wanachomtafuta. Mimi nasoma kutoka nje kuja ndani.

Kwanza mtiririko na mgandamizo wa kuingiza maji. Ukipungua siku hadi siku, mdomo unaziba.

Pili, jumla ya chembe zote zilizoonekana, za kila aina. Bahari haiwi tupu. Hata pasipokuwa na mwani wenye sumu, kuna diatomu, kuna viumbe vidogo visivyo na jina. Tulipozirudia zile siku nne za sifuri, tuliona jumla ilikuwa imeshuka kutoka chembe maelfu kwa kila kipimo hadi mia, hadi kumi. Ilikuwa wazi kama mchana, na hakuna aliyeifungua safu hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Tatu, linganisha na kile kipimo cha mng'ao kinachoning'inia pembeni. Mng'ao ukipanda huku chembe zinashuka, mmoja wao anasema uongo, na siku hiyohiyo mtu anapaswa kwenda baharini.

Nne, shanga. Vyombo vya picha hubeba mfuko wa shanga ndogo za plastiki ambazo hupitishwa mbele ya leza kila siku kujaribu jicho. Zetu zilionekana vizuri kila siku ya zile nne, na hilo ndilo lililotupumbaza. Shanga hutoka kwenye mfuko wa ndani. Hazipiti mdomoni. Zinathibitisha leza, lenzi na kamera, basi. Vivyo hivyo kwenye chombo cha jeni, kile kidoa cha udhibiti kinachong'aa kila mara kinathibitisha kwamba kemikali zimefanya kazi. Hakijui kama maji yaliingia. Jiulize kuhusu kila jaribio: limepitia njia gani, na njia gani halikuipita?

Tano, fungua picha zenyewe kwa macho yako. Angalau mia kwa siku, zikiwemo zile ambazo programu imeziweka kwenye kapu la "nyinginezo". Programu iliyofundishwa kwa picha za bahari nyingine itakosea kwa namna zake, na spishi mgeni huanzia kwenye kapu hilo.

Baada ya hayo yote, ndipo safu ya Dinophysis.

Chupa

Chombo hakiondoi chupa. Siku ya kuzamisha, siku ya kukitoa, na angalau mara moja kila wiki katikati, jaza chupa kwenye kina kilekile, ndani ya dakika zilezile ambazo chombo kinapima. Moja ya Lugol kwa hadubini. Nyingine chuja na ugandishe kichujio kwenye baridi kali kwa ajili ya jeni na sumu. Andika muda wa kujaza kwenye chupa yenyewe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hukimbia ukilowa.

Na mtu asidhani kwamba vyote viwili, chombo na chupa, vinatosha kufungulia mavuno. Vinahesabu seli, mlaji anakula nyama. Sumu hubaki ndani ya kome siku au wiki kadhaa baada ya mwani kuondoka. Mipaka inayotumika nchi nyingi ni miligramu 20 za asidi ya domoiki kwa kilo ya nyama, na 0.8 kwa saksitoksini, ile inayopoozesha. Nyama hupimwa kama nyama. Kazi ya chombo ni kuwaambia wapimaji lini waongeze mwendo na wapi waanzie.

Kukitoa majini, na sentensi ya mwisho ya ripoti

Kemikali za vyombo vya jeni huchoka; mwezi mmoja hadi mwezi na nusu ndio muda wa kawaida. Siku ya kukitoa, kabla hujakipandisha, kiamuru kipime mara ya mwisho huku ukijaza chupa. Kikishafika sitahani, piga picha ya mdomo kabla mtu hajaugusa au kuumwagia maji. Picha hiyo ndiyo itakayokwambia wiki ya mwisho ya data uiamini kiasi gani. Kisha kirudishe kwenye pipa lile la karakana kikiwa bado na uchafu wake, ukipe mwani wa idadi unayoijua, uone kinaona kiasi gani sasa. Baada ya hapo ndipo unaweza kukiosha.

Ripoti tunayotuma siku hizi haina neno "sifuri". Nimewaomba wenzangu tuliache, wakakubali. Siku ambayo hatukuona kitu tunaandika hivi: "Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, mita 4, tumetazama mililita 61. Mtiririko wa kawaida, chembe zote 14,200, chupa ya mwisho imelingana. Hatukuona Dinophysis. Kwa kipimo hiki hawazidi seli 50 kwa lita." Na siku ambayo mtiririko umeshuka, tunaandika: "Leo hatujui," na mtu anavaa jaketi la kuokolea akachukue chupa.